Mgodi Ukiporomoka: Je, Ni Takdiri ya Mungu?

Katika nchi ya dhahabu na almasi, tangu Mwadui na Kahama hata Geita na Nyarugusu, yako maneno ambayo husikika kila mara maiti anapotolewa shimoni. Watu husema: "Kazi ya Mungu haina makosa." Wengine husema: "Siku yake ilikuwa imefika." Maneno hayo husemwa na jirani mwenye huruma, husemwa na shehe na padre mbele ya jeneza, na husemwa pia na mwenye shimo. Mwislamu hawezi kuyakanusha juu juu, kwani ni kweli kabisa kwamba hakuna nafsi ifayo ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini yampasa kila mtafuta haki ajiulize: je, maneno hayo yana maana ile ile katika vinywa vyote hivyo?

Swali hili, ndugu msomaji, si la kuchezea akili. Tarehe 5 Oktoba, 2015, machimbo ya Nyangalata katika wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, yaliporomoka na kuwafungia watu sita chini ya ardhi. Mmoja wao alifariki humo humo. Watano walitolewa wazima tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyochuruzika mwambani. Januari 2017 watu 15, mmoja wao raia wa China, walifungiwa siku tatu katika mgodi wa RZ mkoani Geita, nao wote wakatoka hai. Januari 2024, huko Ng'alita, wilaya ya Bariadi, katika mkoa wa Simiyu ambao sehemu yake kubwa mpaka mwaka 2012 ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, watu zaidi ya 20 walifukiwa wakafa; na wakuu wa serikali walieleza kwamba kazi ilikuwa imeanza kabla taratibu za usalama hazijakamilika. Tarehe 11 Agosti, 2025, watu 25 walifukiwa katika machimbo ya Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga. Baadhi yao waliokolewa, wengine wakatolewa maiti.

Angalia jambo moja katika habari ya Nyangalata. Wachimbaji wenzao waliposikia sauti kutoka chini, walichimba. Hakuna aliyesema kwamba siku ya watu hawa imekwisha kufika, basi tuwaache na Mola wao. Kila mtu alijua, bila ya kufundishwa na mwanachuoni, kwamba Mungu yule yule aliyeandika kufa kwa mja ameandika pia kwamba mwenzake amfukue. Kwa nini basi takdiri isahauliwe wakati wa kuokoa, kisha ikumbukwe wakati wa kuulizana nani alibakiza nguzo na nani aliweka mbao? Mtu mwenye imani hiyo kweli kweli angaliitumia pande zote mbili. Anayeitumia upande mmoja tu, tena ule upande unaomwepushia gharama, hana haki ya kuiita imani.

Tutazame kwanza hiyo kazi ya Mungu ni ipi hasa, maana wengi huitaja bila ya kuitazama. Mwamba ulio chini hubeba uzito wa miamba yote iliyo juu yake. Mwanadamu akipasua njia ndani yake, uzito ule hauondoki. Huhama tu, ukaegemea kuta za pembeni na nguzo za mwamba zilizobakizwa. Sehemu ya juu ya njia, ambayo ndiyo dari ya mchimbaji, hubaki ikining'inia pasipo kushikwa na kitu chini yake. Katika migodi ya makaa ya mawe dari hiyo mara nyingi ni tabaka juu ya tabaka, nazo huachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Katika miamba ya dhahabu mwamba wenyewe ni mgumu, lakini umekatwakatwa na nyufa, na pale nyufa tatu zinapokutana hukaa jiwe kama kabari lililogeuzwa, likingoja. Karibu na uso wa ardhi mwamba umeoza na kuwa laini, na hapo ndipo wachimbaji wadogo wengi hufanyia kazi. Mvua ikinyesha, maji huingia katika nyufa, huongeza uzito na kulainisha udongo ulioshikanisha mawe. Baruti nayo, kila inapolipuliwa, huacha nyufa mpya ambazo jicho halizioni.

Mambo haya hayana siri. Ni desturi ya Mwenyezi Mungu katika viumbe Vyake, na Kurani Tukufu yatufundisha kwamba desturi Yake haibadiliki. Jiwe haliulizi aliye chini yake ni wa dini gani, wala kama amesali Alfajiri. Lakini katika desturi hiyo hiyo imo rehema, maana mara nyingi mwamba huonya. Vijiwe vidogo huanza kudondoka. Ufa uliokuwa mwembamba jana leo huingia kidole. Nguzo ya mti hulia na kupinda kabla ya kuvunjika, na kwa sababu hiyo wachimbaji wa zamani wa makaa ya mawe huko Ulaya waliipenda nguzo ya mti, wakisema yazungumza. Na mtu akiigonga dari kwa mtaimbo, mwamba mzima hutoa mlio mkali kama wa chuma, na mwamba ulioachana hutoa mlio mzito wa ngoma. Mchimbaji yeyote mwenye miaka michache ya kazi huijua tofauti hiyo.

Dawa zake pia zajulikana. Jiwe lililolegea huangushwa kwa mtaimbo mrefu, mtu akiwa amesimama chini ya mwamba ulio salama. Maduara hushikizwa kwa matimba, yaani magogo yaliyopangwa na kukazwa. Katika migodi mikubwa hutobolewa matundu darini na kutiwa vyuma virefu vinavyoyashona matabaka yawe kitu kimoja, na chini yake hutandazwa wavu wa chuma. Nguzo za mwamba huachwa kwa kipimo. Vyumba vilivyokwisha kuchimbwa hujazwa tena. Huko Bulyanhulu hujazwa kwa uji mzito wa mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuchanganywa na saruji, ili kuta zisibaki wazi. Na panapowezekana huwekwa njia ya pili ya kutokea. Mambo mengine katika haya yahitaji mitambo na fedha nyingi. Lakini matimba, mtaimbo, kubakiza nguzo na kutoshuka baada ya mvua kubwa havihitaji mtambo.

Sasa turudi kwenye takdiri. Hadhrat Umar r.a. alipokuwa safarini kwenda Shamu alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kwamba tauni imezuka mbele yake. Baada ya kushauriana na masahaba aliamua kurudi na watu wake. Hadhrat Abu Ubaida bin Al-Jarrah r.a., mtu mwenye cheo kikubwa katika imani, alimwuliza kama anaikimbia takdiri ya Mungu. Hadhrat Umar akamjibu kwamba anaikimbia takdiri moja ya Mungu kwenda kwenye takdiri nyingine ya Mungu, akampa mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, moja la majani na moja kavu: popote atakapochunga, amechunga kwa takdiri. Kisha akaja Hadhrat Abdur-Rahman bin Auf r.a. na kueleza kwamba alimsikia Mtume s.a.w. akikataza kuingia katika nchi yenye tauni. Kwa hiyo kule kurudi hakukuwa udhaifu wa imani. Kulikuwa sunna kabla hata Umar hajaijua kuwa ni sunna.

Kwa mfano huo, mwamba usiotiwa matimba ni takdiri, na mwamba uliotiwa matimba ni takdiri pia. Mchimbaji hatoki nje ya mamlaka ya Mungu kwa kuchagua wa pili. Mtume s.a.w. alimwambia bedui aliyemwacha ngamia wake huru kwa jina la kutawakali amfunge kwanza, kisha atawakali. Na iko Hadithi nyingine ambayo haitajwi sana, nayo inakaribia zaidi jambo letu: katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwamba mtu alalaye juu ya dari ya nyumba isiyo na kizuizi pembeni, dhima imemwondokea. Fikiri maana yake. Mtu huyo hakufanya dhambi ya zina wala ya wizi. Alilala tu mahali pasipo ukuta. Lakini kwa kudharau sababu alizoziweka Mungu, amejitoa mwenyewe katika ahadi ya kulindwa. Kama ni hivyo kwa aliye juu ya dari isiyo na ukingo, itakuwaje kwa yule anayewalaza watu arobaini chini ya dari isiyo na nguzo?

Wafuasi wa Masihi Aliyeahidiwa a.s. tunao mfano wa karibu zaidi. Tarehe 4 Aprili, 1905, tetemeko kubwa la Kangra liliitikisa Punjab na kuua watu wapatao elfu ishirini. Hadhrat Ahmad a.s. alikuwa amekwisha kupata kwa wahyi ahadi ya Mungu ya kuwalinda waliomo katika nyumba yake. Kama ipo nyumba duniani ambayo mtu angeweza kulala ndani yake kwa kutegemea ahadi, ni nyumba ile. Hata hivyo, baada ya tetemeko alitoka pamoja na jamaa yake, wakakaa katika hema bustanini kwa muda wa miezi. Hakuona kwamba kutoka chini ya paa ni kuitilia shaka ahadi.

Huenda mchunguzi mwenye kusoma vitabu vyetu akatukumbusha habari ya chanjo ya tauni katika kitabu Kishti Nuh cha mwaka 1902. Ni kweli, humo Hadhrat Ahmad a.s. alieleza kwamba yeye na wafuasi wake wa kweli hawatachanjwa. Lakini asome ukurasa wote. Aliisifu serikali kwa kuleta chanjo, akawahimiza watu kwa jumla waikubali, akasema kwamba kama si amri maalumu ya mbinguni angalikuwa mtu wa kwanza kuchanjwa. Ishara iliyoahidiwa kwa wakati wake na kwa watu wake ni jambo moja. Uvivu wa mwenye duara ni jambo lingine. Asiyepokea wahyi asijifanye anao kwa sababu mbao zimepanda bei.

Kuhusu wale wanaosema kwamba mgodi umedai damu, au kwamba dhahabu haitoki mpaka mganga atoe kafara, sitaandika mengi. Msomaji wa Usukumani anajua imani hiyo imezaa maovu gani, hata kuuawa kwa ndugu zetu wenye ualbino kwa ajili ya kutafuta utajiri. Nataka tu aone kwamba imani hiyo na yale maneno ya "kazi ya Mungu" yanapotumiwa vibaya hufanya kazi moja. Yote mawili huliondoa jicho darini. Fedha inayopelekwa kwa mganga ingenunua magogo.

Sasa nafika kwenye hoja iliyo nzito kuliko zote, nayo haitoki kwa wapinzani wa dini bali katika Hadithi yenyewe. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwa Hadhrat Abu Huraira r.a. kwamba Mtume s.a.w. alihukumu kuwa jeraha la mnyama ni jubari, na kisima ni jubari, na mgodi ni jubari, maana yake havina dia. Na kwamba katika rikazi, yaani mali iliyozikwa ardhini, imo khumsi. Mgodi hauna dia! Tulipofika mlango huu darasani, mwanafunzi mmoja kutoka Afrika ya Magharibi, ambaye jamaa zake ni wachimbaji, alifunga kitabu akaniuliza kama ni Mtume s.a.w. ndiye aliyewafungulia matajiri mlango wa kutokea. Niliona swali lake ni la haki, na jibu lake halifai kuwa la haraka.

Imam Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ameeleza katika Kitabu cha Kharaj desturi ya Waarabu wa zama za ujahili. Mtu akifa kisimani, walikitwaa kisima kikawa ndiyo dia yake. Mnyama akimwua mtu, mnyama ndiye aliyekuwa dia. Mgodi ukimwua mtu, mgodi ulitwaliwa. Hawakuuliza nani alikosa. Kitu kilichoua ndicho kilichohukumiwa, awe mwenyewe amekosa au hakukosa. Mtume s.a.w. aliulizwa juu ya desturi hiyo, akaivunja. Alichokifuta si uwajibikaji wa mkosaji. Alifuta hukumu isiyotazama kosa. Hili ni jambo kubwa, maana lamfundisha mwanadamu kwamba damu huulizwa kwa mtu, haiulizwi kwa shimo.

Na hivyo ndivyo mafakihi walivyoelewa. Aliyechimba kisima katika ardhi yake, mtu akaja akatumbukia, hana la kulipa. Lakini aliyekichimba katika njia ya watu bila ya haki ana dhima. Mnyama aliyekatika kamba usiku pasipo uzembe wa mwenyewe hana dia. Lakini anayemwendesha mnyama akamkanyagisha mtu ana dhima. Neno linalotenganisha hali hizo mbili ni taadi, yaani kuvuka mpaka. Basi mgodi ni jubari pale ambapo hapakuwa na taadi. Swali lote sasa linahamia hapa: kuvuka mpaka mgodini ni nini?

Kwa maoni yangu, mpaka huo huwekwa na elimu. Katika zama ambazo hakuna aliyejua kwa nini mwamba huanguka, aliyemwajiri mtu achimbe hakuweza kulaumiwa kwa kutojua. Leo hali si hiyo. Mwenye duara anayejua mlio wa ngoma, anayejua kwamba mvua imenyesha siku tatu, anayejua kwamba matimba ya chini yamepinda, kisha akasema "shukeni," huyo amesimama katika njia ya watu na jembe mkononi. Hadithi ya jubari haimfuniki. Ilikuja kumlinda asiye na kosa, naye analo. Pia iko kanuni ya Mtume s.a.w. inayokataza kudhuru na kulipiza dhara kwa dhara, na kanuni hiyo haikuwekewa kikomo cha ardhi ya juu tu.

Hapo mwenye duara atasema: "Sikumlazimisha mtu. Walikuja wenyewe, wakashuka wenyewe, tena wakigombania nafasi." Asema kweli. Katika machimbo madogo watu wengi hawapati mshahara. Hupata mgao wa mifuko ya mawe, baada ya mwenye leseni, mwenye duara na mtoa mtaji kuchukua vyao. Kwa hiyo kila gogo linalonunuliwa hutoka katika mgao wa wote, na kila siku inayotumika kukaza matimba ni siku isiyotoa jiwe. Mchimbaji mwenyewe hushawishika. Yeye ndiye anayeinyofoa nguzo kwa sababu dhahabu imo ndani ya nguzo. Je, ridhaa yake haitoshi?

Kwa sheria ya Islamu haitoshi, na sababu yake yafaa ieleweke vizuri na wale walioingia dini hii karibuni. Nafsi ya mtu si mali yake ya kuuza. Ni amana. Kurani Tukufu imetukataza kujiingiza katika maangamizo kwa mikono yetu, na mtu hawezi kumpa mwenziwe ruhusa asiyokuwa nayo mwenyewe. Mtu akisema "niue, nakuruhusu," aliyeua hahesabiwi kuwa hana hatia. Na kama ridhaa ya mwenye shibe haihalalishi, basi ridhaa ya mwenye njaa yapaswa kumtia hofu zaidi anayeipokea. Njaa ndiyo iliyotia sahihi mkataba ule. Sisemi kwamba mchimbaji hana wajibu. Anao, na nitautaja. Lakini wajibu wa mwenye kuamua ni mzito kuliko wa mwenye kuhitaji.

Historia ya kunyofoa nguzo imeandikwa kwa damu katika bara letu hili. Tarehe 21 Januari, 1960, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo mamia kwa mamia zilipondeka moja baada ya nyingine kwa muda mfupi, na wachimbaji zaidi ya 430 wakafungiwa chini wasitolewe tena. Wengi wao walikuwa watu wa Lesotho na Msumbiji, waliokwenda mbali kwa ajili ya riziki. Nguzo zilikuwa zimeachwa nyembamba, na makaa ya darini yalikuwa yamechimbwa hata zikawa ndefu kupita nguvu yake. Tena onyo lilitangulia: mwezi mmoja hivi kabla yake, Desemba 1959, sehemu nyingine ya mgodi huo ilikuwa imekwisha kuporomoka, na kazi ikaendelea.

Lakini tazama kilichofuata, kwani nacho ni somo. Mtaalamu Salamon na mwenziwe Munro walikusanya habari za maeneo 125 ya nguzo katika migodi ya makaa ya mawe, 98 ambayo nguzo zake zilisimama na 27 ambayo nguzo zake zilianguka. Wakalinganisha upana wa nguzo, urefu wake na kina cha mgodi, na mwaka 1967 wakatangaza kanuni ya hesabu ya kupima nguvu ya nguzo. Kanuni hiyo ilisomwa na kutumiwa hata nje ya nchi ile. Jambo ambalo siku ya msiba liliitwa ajali, kumbe liliweza kuandikwa kwa tarakimu. Kurani Tukufu yasema habari ya mizani aliyoiweka Mungu mbinguni na ardhini, na yaonya tusiipunguze. Tumezoea kuisoma Aya hiyo dukani tunapopima sukari na mchele. Nami sioni sababu ya kutoisoma mbele ya nguzo ya mwamba, ambayo nayo ina kipimo chake, na anayeinyofoa anapunja mizani kwa maana iliyo wazi kabisa.

Baadhi ya watu hujifariji kwa Hadithi nyingine iliyo sahihi, kwamba afaye kwa kuporomokewa ni miongoni mwa mashahidi. Hadithi hiyo ni zawadi kubwa kwa mjane na yatima, na mwalimu asisite kuisoma msibani. Lakini cheo alichopewa maiti si stakabadhi ya mwenye duara. Aliyekufa kwa tauni naye ni shahidi, wala hakuna anayesema kwa hiyo tueneze tauni. Aliyeuawa kwa dhuluma huenda akapata daraja kwa Mola wake, na aliyemdhulumu akaulizwa siku ile ile.

Katika Sura Al-Kahf iko habari ya Nabii Musa a.s. na mja mwema aliyefuatana naye. Katika Jumuiya yetu twaamini kwamba safari ile ilikuwa njozi ya kiroho, yenye mafundisho mengi juu ya mambo ya baadaye. Lakini njozi za Manabii hazina kitu kisicho na maana. Walifika katika mji ambao watu wake waliwanyima chakula. Humo wakakuta ukuta ulio karibu kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha. Musa a.s. akaona ajabu: kwa nini kazi hii ifanywe bila ya ujira, tena kwa watu wachoyo? Baadaye akaelezwa kwamba chini ya ukuta ilikuwako hazina ya mayatima wawili. Msomaji aisome mwenyewe habari hiyo (18:78 na 18:83). Mimi kila ninapoifundisha huona kwamba mle ndani vimo vitu vyote vya Geita: hazina chini, ukuta juu unaotaka kuanguka, mayatima, na swali la nani atalipa gharama ya kuushikiza. Yule mja mwema hakuanza na hazina. Alianza na ukuta. Tena hakungoja mwenye mali apatikane.

Basi mwamini aliye katika machimbo afanye nini? Akiwa ni mchimbaji, ajue kwamba kukataa kushuka chini ya dari iliyolegea si kukosa tawakali, wala asiwaone waoga wenziwe wanaokataa. Akiwa ni mwenye duara, aitoe gharama ya matimba kabla ya mgao wowote haujahesabiwa, kama vile deni linavyotolewa kabla ya urithi. Mkaguzi wa madini anapolifunga duara, kuingia humo usiku ni kuvunja amri ya serikali, nasi tunafundishwa kwamba utii kwa serikali katika mambo ya haki ni sehemu ya dini. Akiwa ni mwalimu au imamu wa kijiji, mazishi yakiisha na watu wakitawanyika, aende kwa mwenye duara siku ya pili, kwa upole na pasipo kelele, amwulize kuhusu wale wanaoshuka kesho. Kusema kwamba sisi ni wa Mungu na Kwake tutarejea ni neno la aliyefiwa. Mwenye duara analo swali la kujibu kwanza.

Wanafunzi wangu waliniuliza pia juu ya ile sehemu ya mwisho ya Hadithi ya jubari, ambayo wenye migodi hawaitaji wanapoitumia sehemu ya kwanza. Wanachuoni wa Kihanafi wanauhesabu mgodi wa dhahabu kuwa ni rikazi, na kwa hiyo sehemu moja katika tano ya kinachotoka ni haki ya Baitul-Mali, ambamo mayatima na masikini wana fungu. Wengine, kama Imam Malik na Imam Shafi, wanautenga mgodi na rikazi. Hoja za pande zote mbili ni ndefu, nazo, Mungu akipenda, tutazieleza katika toleo lingine.